Wapi Kwenye Kifungu?

Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja simu ilipolia. Kama kawaida yake, alikuwa ananyoa kwa mkono mmoja na kusimulia kwa mwingine, maana habari zake nyingi zilihitaji mkono wa kuonyesha ukubwa wa vitu. Asubuhi hiyo ya Ijumaa alikuwa akiwaeleza watu wa benchi jinsi binti yake wa mwisho alivyoiva katika fasihi, kiasi kwamba walimu wenyewe wakikwama siku hizi wanamtuma mtu aende kumwita. Watu wa benchi walicheka bila kumkatiza. Walishamzoea. Kwa Kinyozi hakukuwa na mvua, kulikuwa na gharika, na kila mbwa aliyewahi kumfukuza alikuwa simba.

Simu ilitoka shuleni. Mwanamke mmoja alimtaka afike mara moja, kuna jambo la binti yake na somo la fasihi.

"Si mmesikia?" Kinyozi aliliambia benchi, akazima mashine. "Sasa wananiita na mimi. Wanataka kujua tunamlisha nini."

Akachukua kofia yake msumarini, ile yenye ukingo mgumu mbele aliyokuwa akiitunza kama yai, akamwomba mteja amsubiri kidogo, akatoka mbio na nywele za watu zimemganda mikononi. Mteja alibaki kitini na shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa na mwingine una nywele zake zote, akijitazama kwenye kioo kama mtu aliyekutana na nduguye asiyemfahamu.

Ofisini kulikuwa na kiti kimoja cha wageni, nacho kilijaa madaftari. Makamu mkuu wa shule alisema, "Mzazi, kaa," lakini hakuna aliyeyaondoa madaftari, kwa hiyo Kinyozi akakaa kwa kusimama. Makamu akamtazama mikono, akaona zile nywele, akachukua kisahani na kuifunika chai yake. Kinyozi aliona. Akaificha mikono nyuma, akatabasamu hivyo hivyo.

Pembeni alisimama binti yake, Kitinda, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye kitindamimba wa nyumba. Kichwa alikuwa amekiinamisha. Na mezani alikaa mwalimu wa fasihi, mwanamke mwembamba ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Wapi. Ukimwambia mhusika ni mwoga, atakuuliza, "Wapi kwenye kifungu?" Ukimwambia dhamira ya hadithi ni uchoyo, ni yale yale. Ilisemekana hata akisalimia "habari za nyumbani" na kujibiwa "nzuri," hudai ushahidi.

Leo hakuwa na utani. Alieleza kwamba kwenye mtihani wa majaribio waliwapa wanafunzi kifungu cha ndugu wawili wanaogombania ng'ombe, wakawataka wataje tamathali za semi zilizomo na mfano wa kila moja. Akasoma majibu ya Kitinda polepole, kama mtu anayepima sukari.

"Mubalagha, yaani kukuza jambo kupita kiasi. Mfano: baba huwaambia wateja kwamba amewahi kunyoa mtu mwenye nywele ngumu hadi mashine ikaomba maji. Kejeli, yaani kusifu kwa nia ya kuchoma. Mfano: baba akirudi mikono mitupu, mama humwambia, karibu tajiri wetu. Tafsida, yaani kulifunika jambo zito kwa neno laini. Mfano: siku zisizo na wateja, bibi husema baba amepumzika."

Makamu alicheka hadi kisahani kikaanguka. Mwalimu mwingine akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini, akasimuliwa, naye akacheka. Kinyozi alihisi masikio yanawaka. Nyumba yake nzima ilikuwa imetolewa nje na kuanikwa juu ya meza ile, mpaka na siku zake za kuambulia patupu, na yeye mwenye nyumba hana hata pa kukaa.

"Mifano yote ni sahihi," alisema Mwalimu Wapi, naye peke yake hakuwa amecheka. "Ningeuliza habari za kwenu, angepata zote. Lakini niliuliza kifungu. Amepata sifuri, mzazi."

Kisha Makamu akaeleza kilichobaki. Aliyeanguka majaribio hapelekwi jina kwenye mtihani wa mwisho katika somo hilo, na majina yanapelekwa Jumatatu. Kinyozi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Bila fasihi hakuna chuo cha ualimu, na Kitinda alitaka ualimu tangu akiwa hajui kufunga viatu, enzi zile alipokuwa akipanga makopo matupu ya poda sakafuni kwa Kinyozi na kuyagombeza kwa kuchelewa darasani.

"Mwalimu," alisema, "hiyo mifano ni yangu mimi."

Akawaeleza. Mwanzoni mwa mwaka yale majina ya fasihi yalikuwa hayakai kichwani mwa mtoto. Leo yameingia, kesho yamekwisha. Ndipo yeye baba akabuni dawa: kila mtu wa nyumbani apewe jina lake. Yeye akawa Mubalagha, mkewe Kejeli, mama yake mzazi Tafsida. Wakaitana hivyo mchana na jioni mpaka mtoto akayashika yote. Alijivunia dawa ile kila mahali. Kumbe ndiyo iliyogeuka sumu.

Mwalimu Wapi akamgeukia Makamu na kumwomba Jumatatu asubuhi, kabla majina hayajaondoka, mtoto asomeshwe kifungu kipya mbele yao na kuulizwa kwa mdomo. Makamu alikuna kidevu. Alikubali, ila kwa sharti.

"Na mzazi aje ashuhudie, isije ikasemwa tumemwonea," alisema. "Lakini ukifungua mdomo, mzee, hata kwa kukohoa, tumemaliza."

Kinyozi aliporudi kazini, mteja alikuwa bado kitini.

"Fundi," alisema, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kukasirika na kupoa, "nilipoingia hapa nilikwambia nini?"

Kinyozi alijaribu kukumbuka, akashindwa.

"Nilikwambia leo punguza pembeni tu, kesho napiga picha ya kitambulisho cha kazi. Wewe ukaendelea na habari za mwanao, ukaninyoa kichwa cha mwezi uliopita."

Benchi likaangua kicheko, na kuanzia saa ile mtu huyo akapata jina la Nusu Kichwa, ambalo huenda akazikwa nalo. Kinyozi hakucheka. Aliketi kwenye benchi la wateja, akavua kofia, akawasimulia yaliyompata bila kuongeza hata chumvi ya kubandika kidoleni. Ilikuwa mara ya kwanza. Watu wakaogopa kuliko ambavyo wangeogopa gharika.

"Malizia na upande huu," alisema Nusu Kichwa mwishoni. "Picha nitapiga na upara wangu. Halafu huyo mtoto mlete hapa kesho. Siku mbili si haba."

Nyumbani mkewe, ambaye alikuwa dobi, alikuwa anapiga pasi mashati ya watu. Habari zilikwisha kumfikia. Habari mbaya hazipandi ngazi, zinaruka.

"Karibu, baba wa profesa," alimwambia bila kuinua macho. Halafu akaweka pasi kando, akamwuliza kwa sauti nyingine kama mtoto amekula chochote.

Kitinda alimwomba baba yake msamaha kwa kumwanika. Kinyozi akasema yamekwisha, ingawa hayakuwa yamekwisha. Lile neno "mikono mitupu" bado lilimkaa kooni. Bibi, kutoka kitandani kwake pembeni, akamwambia mwanawe asijitese bure. "Kinyozi hajinyoi," alisema. "Ulikuwa karibu mno na kichwa chenyewe. Sasa tubadilishe mchezo."

Mchezo mpya ulikuwa mwepisi kuueleza na mgumu kuucheza. Hakuna mtu wa nyumba ile kutamka jambo bila ushahidi. Mama Kitinda akisema mumewe amekonda, aonyeshe wapi. Baba Kitinda akisema chakula kimezidi utamu, wapi. Bibi alipolalamika kwamba mjukuu wake haoni huruma, akaulizwa wapi, akajibu, "Hapo anapocheka," na kwa kuwa Kitinda alikuwa anacheka kweli, bibi akapewa alama zote. Walichekana hadi jirani akagonga ukuta. Kitinda, ambaye tangu ofisini alikuwa kama aliyemwagiwa maji, akaanza kupata rangi.

Jumamosi ilikuwa sikukuu isiyo na jina. Kwa Kinyozi kulikuwa na rundo la magazeti na majarida ya zamani ya kuwapotezea watu muda, na ndani yake kurasa za hadithi. Nusu Kichwa alikuja na picha yake ya upara mfukoni, akawa msomaji. Alisoma kwa sauti nzito, akitua mahali pa kutua. Kitinda akaketi kwenye kiti cha pembeni na kujibu: msimulizi ni nani, anasimulia kwa nafsi ipi, mandhari ni ya mahali gani, mgogoro uko kati ya nani na nani. Na kila jibu lilipotoka, benchi zima likauliza kwa pamoja, "Wapi?" Mwanzoni alitafuta jibu darini. Kufikia mchana kidole chake kilikuwa kinatangulia ulimi, kinagusa sentensi kabla hajaulizwa. Wapita njia walisimama mlangoni kusikiliza. Mtu mmoja aliyekuja kunyolewa ndevu akabishana na mwingine kwa hasira kuhusu mhusika kama ni mchoyo au mwangalifu tu, wakataka kusomewa tena ukurasa wote, na ndevu zikasahauliwa. Kinyozi alikuwa anaelea kwa furaha. Alitamani Makamu apite na kisahani chake aone.

Jumapili alasiri, mambo yakakwama.

Nusu Kichwa alikuwa amekaa kitini, si kwa kunyolewa, maana hakuwa na cha kunyolewa, ila kwa kuwa ndicho kiti kizuri. Alisoma hadithi ya baba mmoja anayerudi, anaketi kizingitini, na watoto wanamsalimia haitikii. Akauliza kwa nini haitikii.

"Kazi haikwenda vizuri," alijibu Kitinda haraka. "Hakupata wateja, anaona aibu kuingia ndani."

"Wapi?" lilisema benchi.

Kidole kikaenda kwenye ukurasa. Kikashuka, kikapanda. Hakukuwa na wateja. Yule baba hakuwa hata mfanyabiashara. Aya iliyofuata ilisema wazi kwamba alikuwa na jino linauma. Mtu mmoja alitaka kucheka, mwenzake akamkanyaga. Kitinda aliliweka jarida chini na machozi yakamtoka.

"Siwezi," alisema. "Ng'ombe naweza, wezi naweza. Lakini nikikuta neno baba, namwona baba. Namwona pale mlangoni anavyovua viatu polepole akijifanya kamba imekaza. Hanitoki."

Kinyozi alisimama na brashi mkononi. Hizo siku za viatu alizijua, lakini alidhani ni zake peke yake. Alikuwa akimaliza na viatu, anaingia na hadithi ya mteja tajiri aliyekuja na gari refu, na watoto wanacheka, naye anaamini wamekula hadithi wakashiba. Kumbe mtoto alikuwa akimsoma miaka yote, mstari kwa mstari. Aliona aibu, na ndani ya aibu aliona fahari, na hakujua amshukuru nani.

Alimshika Kitinda mkono, akauweka juu ya upara wa Nusu Kichwa.

"Shika," alimwambia. "Si kwa vidole. Kwa kiganja."

Nusu Kichwa akatulia kama kondoo.

"Una nini hapo?"

"Kuna bonde. Na hapa kuna kovu."

"Miaka yote namnyoa huyu, na sikuwahi kumkata. Unajua kwa nini? Kila nikianza, nakishika kichwa kwanza. Ijumaa sikukishika. Nilisema huyu namjua. Mgeni hawezi kukuponza, mwanangu, mgeni unamshika. Anayekuponza ni yule unayemjua." Akamwondoa mkono taratibu. "Huyo baba wa kwenye karatasi si mimi. Mimi niko hapa, siendi popote. Yeye mshike kwanza."

Kitinda akafuta uso kwa mkono wa gauni, akaliokota jarida, akaweka kiganja juu ya ukurasa kabla ya kuusoma upya.

Jumatatu Kinyozi alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akavaa shati ambalo mkewe alilipiga pasi hadi likasimama lenyewe. Safari hii kiti kilikuwa kitupu. Aliketi karibu na mlango, kofia mapajani, mdomo umefungwa. Makamu alikuwa na chai yake. Mwalimu Wapi akampa Kitinda karatasi, akamwambia asome kwa sauti.

Kitinda aliweka kiganja juu ya karatasi. Makamu akauliza anafanya nini. Kitinda akasoma:

"Mzee alirudi jioni. Kabla ya kuingia chumbani alivua koti lake lililoloa, akalitundika nyuma ya mlango. Akaweka chupa ya dawa mezani, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mwanawe. Huko nje jua kali, akasema. Mtoto akatabasamu, akafumba macho."

Kinyozi alisikia neno mwanawe. Katika vifungu vyote vya dunia, wamechagua hiki. Mikono yake ikaikamata kofia.

Msimulizi ni nani? Yuko nje ya hadithi, alisema Kitinda, anamwita mzee kwa nafsi ya tatu. Wapi? Kidole kikagusa. Mandhari? Nyumbani, jioni, penye mgonjwa. Wapi? Jioni imeandikwa, mgonjwa haikuandikwa, lakini kuna dawa na kuna kitanda, na dawa iliwekwa karibu na mtoto. Mwalimu Wapi aliinua nyusi kidogo. Je, huko nje kulikuwa na jua? Hapana. Wapi? Koti lililoloa. Maneno na mambo yalivyo havilingani, hiyo ni kinaya. Majibu yalikuwa yanakuja mbio mbio sasa, kidole kinacheza.

Makamu akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo baba huyu ni mwongo," alisema. "Eeh? Kwenu mnamwitaje mtu wa namna hii? Si una mfano mzuri hapo mlangoni?"

Kitinda aligeuka akamtazama baba yake. Kinyozi alikuwa na majibu kumi kooni, yote mazuri, yote yanasukumana kutoka. Akayameza. Akaangalia sakafu, mikono yake ikiminya.

Kitinda akarudisha macho kwenye karatasi.

"Hapa hatujaulizwa ya kwetu, Mwalimu," alisema kwa adabu. "Alisema uongo, hilo lipo. Lakini koti hakulivulia chumbani. Alilivua kabla ya kuingia, akalitundika nyuma ya mlango, mtoto asilione. Hakutaka mtoto ajue dawa imeletwa kwenye mvua. Kifungu hakikusema anampenda. Kimeonyesha mahali alipoweka koti."

"Wapi?" aliuliza Makamu, lakini sauti yake ilikwisha kupungua.

"Mstari wa pili."

Mwalimu Wapi alivuta orodha ya majina, akaandika, na alipomaliza aliipuliza wino ukauke. Halafu akatabasamu. Kitinda hakuwahi kuyaona meno ya mwalimu huyo tangu aingie shule ile.

Kwa Kinyozi benchi lilikuwa limejaa, na wengi hawakuwa na nywele za kunyoa. Mama Kitinda alikuwapo na kikapu cha nguo za watu, amesimama mlangoni, akidai alikuwa anapita tu. Kinyozi aliingia, akatundika kofia msumarini haraka, akawageukia.

"Jina limekwenda," alisema.

Walipiga makofi hadi vioo vikatikisika. Nusu Kichwa alimbeba Kitinda akamzungusha. Mama Kitinda alisema, "Hongera, baba wa profesa," na mara hii hakuna aliyesikia mchomo wowote, maana alikuwa analia. Wakamtaka Kinyozi awasimulie, na Kinyozi akashika mashine, akaanza kuchanua.

"Mimi? Mimi nilikuwa nimekaa pale kama niko harusini. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nusura nisinzie. Makamu mwenyewe aliniuliza, mzee, una moyo wa chuma?"

"Baba aliogopa," alisema Kitinda. "Aliogopa kuliko mimi."

Kinyozi akakana kwa kuapa. Benchi zima likamgeukia mtoto, na mama yake naye akageuka, na wote wakauliza kwa sauti moja:

"Wapi?"

Kitinda alikwenda ukutani, akaitungua kofia ya baba yake, ile ya kutunzwa kama yai, akaiinua juu ili kila mtu auone ule ukingo mgumu, uliovunjika katikati.